Idi ya Siku ya Pili

Katika nyumba ya Abdirizak, mtaa wa West Indies, mwezi haukuwa jambo la mzaha. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia kuisha, Waislamu wa Eldoret hugawanyika. Wako wanaofuata tangazo la Saudia, na wako wanaosema mwezi lazima uonekane kwa macho ya watu wa huku. Abdirizak alikuwa wa hao wa pili, na hakutaka mjadala. Kuna mwaka majirani wa ukuta kwa ukuta walipika pilau ya Idi tangu asubuhi, harufu ikaingia dirishani kama mgeni aliyealikwa, na yeye na watoto wake bado wamefunga. Mkewe Dahabo alinung'unika kwamba huku ni kuwatesa watoto. Abdirizak aliinuka, akafunga dirisha, akasema harufu haivunji saumu.

Kwa hivyo Idi za Eldoret ni mbili. Aliyekosa ya kwanza ataswali ya pili, na siku zote mbili uwanja haukosi watu. Hodan, binti yao, alikua akilijua jambo hilo kama anavyojua jua linachomozea upande gani, na hakuwahi kufikiria kwamba kuna mahali pengine duniani mambo yako tofauti.

Alikuwa kidato cha tatu alipochaguliwa na shirika moja linalobadilishana wanafunzi, aende Japani mwaka mzima, asome shule ya huko na kukaa katika nyumba ya watu wa huko. Jamaa walikuja dukani kwa Abdirizak, wakaketi juu ya magodoro ya kuuzwa, wakasema yao. Msichana peke yake. Nchi ya nguruwe na pombe. Atarudi hajui salamu. Abdirizak si mtu wa maneno mengi; aliwaagizia chai, akawasikiliza wote mpaka wakachoka, halafu akasema mtoto ataenda.

Usiku wa kuondoka hakumwambia asome kwa bidii wala asiongee na wavulana. Hayo Dahabo alikuwa ameyasema ya kutosha. Yeye alimpa sharti moja tu.

"Tutafunga pamoja na tutafungua pamoja," alisema. "Popote ulipo, mwezi wako ni huu wetu. Umeskia, aabo?"

Aabo ni baba. Lakini Wasomali wana desturi hiyo, mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye. Hodan akajibu, "Nimeskia, Aabo." Kwake halikuwa sharti. Lilikuwa kama kamba ambayo mtu amefungwa kiunoni akishuka kisimani.

Mji aliopelekwa ulikuwa mdogo, mkoa wa Akita, kaskazini, mahali ambapo theluji huanguka mpaka inafunika madirisha ya chini. Nyumba ilikuwa ya mzee Nishiwaki na mkewe. Mzee aliuza matrekta madogo ya mashamba ya mpunga, na mkewe, ambaye Hodan alimwita Okasan, yaani mama, alikuwa keshia katika duka la dawa. Watoto wao walikuwa wamehamia mbali. Walikuwa watu wema. Hilo Hodan aliwaambia wa kwao kila walipopiga simu, na lilikuwa kweli.

Shida yake haikuwa ubaya wa mtu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hodan alikaa miezi na jembe hakupewa. Akishika sahani aioshe, Okasan aliichukua kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Akitaka kukunja nguo, zilikuwa zimeshakunjwa. Kila siku alikuwa mgeni wa siku ya kwanza, na hakuna kitu kinachochosha kama kuwa mgeni kila siku.

Asubuhi alikula na wazee hao wawili, televisheni ikiongea peke yake. Akavaa viatu vya nje, akaenda kwa baiskeli mpaka stesheni. Kwenye treni alikaa, na kiti cha pembeni yake kikabaki wazi, hata watu wakiwa wamesimama. Mwanzoni alidhani ni heshima. Baadaye aliacha kudhani. Shuleni alivua viatu vya nje na kuvaa vya ndani, akajifunza, akala chakula chake alichofungiwa na Okasan, na jioni akashika kitambaa kufuta sakafu pamoja na wenzake, maana huko wanafunzi ndio wanaosafisha shule. Saa hiyo ya kufuta sakafu aliipenda kuliko zote. Angalau hapo alikuwa na jembe.

Wiki ya kwanza mwalimu wa michezo aliposikia kwamba ametoka Eldoret, mji wa wakimbiaji mashuhuri, macho yalimtoka. Alimleta uwanjani, akawaita wanafunzi wote watazame. Hodan alikuwa mtoto wa duka la magodoro. Mbio zake zote zilikuwa za kukimbilia maziwa kabla hayajaisha. Alimaliza wa mwisho, ameshika mtandio. Walimpigia makofi, kisha mwalimu akamwuliza kwa upole kama anaumwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyejua la kumwuliza tena.

Jambo lililomwuma zaidi lilikuwa dogo, na hakujua angemweleza nani. Kwao, ukitoka nyumbani kwenda dukani, utaulizwa unaenda wapi na mama muuza mboga, na vijana wa bodaboda, na mtu aliye juu ya gorofa anaanika nguo. Hodan alikuwa akichukia hilo. Akamwambia Yasin, kaka yake, siku moja atahamia mahali ambapo watu wanashughulika na yao. Sasa alikuwa amefika mahali hapo, na barabara nzima ilikuwa kimya, nyumba zimefungwa, na angeweza kutembea mpaka mlimani bila mtu kumwuliza unaenda wapi, Hodan.

Ramadhani ilimkuta theluji bado iko. Okasan aliogopa sana kusikia kwamba hata maji hayanywi. Alimtazama usoni asubuhi na jioni kama anayetazama maziwa yaliyo jikoni. Lakini hakumkataza. Alipojifunza kwamba saumu hufunguliwa kwa tende, alizitafuta mjini akazikosa, akamletea matunda yao fulani yaliyokaushwa, ya rangi ya chungwa, matamu, akayapanga kwenye kisahani. Hodan alikula mapema kidogo kabla ya wazee kula, jikoni, amesimama, adhana ikilia kwenye simu kwa sauti ndogo ili isisumbue. Kila jioni alihesabu saa za nyuma: kwao sasa ni mchana, Aabo amelala kidogo nyuma ya duka, Hooyo, yaani mama, anachagua mchele. Kwao bado hawajafungua. Yeye amefungua kwanza, peke yake, kama mtu aliyewatangulia kwenda mahali.

Katikati ya mwezi huo, katika duka la vyakula, aliona mtandio mwingine. Ulikuwa upande wa mayai. Mwenye mtandio pia alimwona, na wote wawili wakaacha vikapu vyao chini na kushikana mikono katikati ya njia, watu wakipita pembeni. Jina lake lilikuwa Yuliani, Mwindonesia, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuja kufanya kazi katika kiwanda cha kukata samaki. Waliongea Kijapani kibovu cha pande mbili. Yuliani alisema wako wengi kule bwenini, wanaume na wanawake, na kwamba siku ya Idi wataswali katika ukumbi wa kata karibu na mto, kisha watakula pamoja. Kwa sababu mwezi haujulikani, ukumbi walikuwa wameukodi asubuhi mbili mfululizo.

"Uje," Yuliani alimwambia, bado ameshika mkono wake. "Mtu asiswali Idi peke yake."

Hodan alirudi nyumbani akiendesha baiskeli kwa nguvu hivi kwamba Okasan alimwuliza kuna nini. Tangu siku hiyo aliishi kwa ajili ya asubuhi hiyo. Hakutaka zawadi wala nguo mpya. Alitaka bega la mtu upande wa kulia na bega la mtu upande wa kushoto, na mtu wa kumkumbatia mara tatu bila kuomba radhi.

Na kule kusikia kwamba ukumbi umekodiwa asubuhi mbili, hakushangaa hata kidogo. Kwake maana ilikuwa wazi kabisa. Watakaofuata tangazo la kwanza wataswali siku ya kwanza, na waliobaki wataswali siku ya pili, kama kwao.

Jioni ya kuutazama mwezi, Okasan alitoka naye uani wakasimama kwenye theluji. Wajapani nao wana siku yao ya kuutazama mwezi, lakini ni mwezi mpevu, wakati wa vuli, na huuwekea vidonge vya unga wa mchele. Okasan hakuelewa kwa nini mtu autafute ukiwa mwembamba namna hiyo. Mawingu yalikuwa yamefunga. Walikaa kidogo, pua zikawa baridi, wakaingia ndani. Kabla hajalala, ujumbe wa Yuliani ukafika: tangazo limetoka, Idi ni kesho, saa mbili asubuhi.

Kwao Eldoret wakati huo jua lilikuwa bado juu. Hakuna aliyekuwa ameutafuta mwezi. Hodan aliusoma ujumbe ule mara nyingi, akalala nao. Alfajiri akakuta ujumbe wa sauti wa baba yake kwenye simu. Alikuwa akiongea polepole, nyuma yake Yasin akibishana na mtu. Mwezi haukuonekana, alisema, si Eldoret, si Garissa, si Mombasa. Tunakamilisha thelathini. "Leo tuko pamoja siku ya mwisho, aabo. Kaza moyo."

Alikaa kitandani akiwaza. Lakini hakuwaza sana, na hilo ndilo alilojilaumu baadaye. Kumweleza Yuliani habari za mwezi wa baba yake kungehitaji Kijapani ambacho hakuwa nacho. Yeye alijua maneno ya kufuta sakafu na maneno ya hali ya hewa. Akaandika tu Idd Mubarak, akaweka ua, akala daku, akanuia. Moyo wake ulikuwa umetulia. Kesho ukumbi uko, na watu wako.

Mchana Yuliani alituma picha ya umati umeketi chini, watoto wamevaa kofia, mbele kuna sinia za vyakula vya manjano. Hodan aliitazama kwa furaha, kama mtu anayechungulia karamu ambayo yake ni kesho.

Jioni, shule zikiwa zimefungwa na Okasan ametoka kazini mapema, walikaanga sambusa. Ilikuwa mara ya kwanza jikoni mle kumpa Hodan nafasi ya kuamuru. Nyama ya halali haikupatikana, wakajaza viazi, njegere na samaki. Hodan alikunja pembe tatu. Okasan alijaribu, akashindwa, akaanza kukunja kwa namna ya vyakula vyao, mviringo wenye mikunjo midogo midogo ukingoni, mizuri kama upindo wa nguo. Walicheka. Mzee Nishiwaki alipitia jikoni, akaonja, akasema neno moja na kwenda zake.

Asubuhi Hodan alivaa dera ya rangi ya zambarau ambayo Dahabo alikuwa amempakilia mwezi wa nane, akavaa koti zito juu yake. Okasan alimpeleka kwa gari mpaka mbele ya ukumbi, akamwambia afurahi, akaondoka kwenda kazini.

Kwenye rafu ya viatu, pale mlangoni, palikuwa na jozi moja. Viatu vya mpira, vya mwanamume, vya zamani.

Alidhani amewahi. Akavua vyake, akavipanga, akaingia. Chumba kilikuwa kikubwa, kimefagiliwa, viti vimepangwa ukutani. Mzee mmoja, mtunza ukumbi, alikuwa anapangusa dirisha. Aligeuka, akamwona binti aliyevaa zambarau ameshika chombo kikubwa cha chakula, na uso wake ukabadilika kabla hata hajaulizwa.

Wageni wa sala walikuwa jana, alisema. Wote. Walisafisha vizuri sana, akaongeza, hata choo. Nafasi ya leo waliirudisha, hawakuihitaji tena, wamerudi kiwandani. Aliinama, akaomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake.

Hodan alimwuliza kama hakuna wengine. Wa siku ya pili.

"Wa siku ya pili?" Mzee alifikiri kwa bidii, kama anayetaka kumtafutia. "Hapana. Watu ni wale wale."

Hapo ndipo alipoelewa. Katika mji mzima, siku hiyo, hapakuwa na mtu mwingine wa mwezi wake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa siku ya pili.

Aliomba chumba kwa muda mfupi. Mzee aliwasha jiko la mafuta, akalisogeza karibu, akatoka na kufunga mlango taratibu. Hodan alitandika koti lake akalielekeza kibla. Swala ya Idi ina takbira, na takbira ni za kuitikiwa. Mmoja hutoa, umati hupokea. Alitoa ya kwanza. Sauti ilikwenda mpaka kwenye viti vya ukutani ikarudi kwake, nyembamba. Alitoa ya pili kwa sauti ya chini zaidi. Ya tatu aliisemea moyoni.

Alipotoka alimwachia mzee sambusa kwenye karatasi, naye akaipokea kwa mikono miwili. Alirudi kwa miguu kando ya mto. Theluji ya pembeni mwa barabara ilikuwa imechafuka na kuyeyuka. Gari moja lilipita, halafu hakuna. Nyumbani hapakuwa na mtu. Alikaa jikoni na dera yake, chombo mbele yake, akangoja Eldoret kuche.

Simu ililia alasiri. Kwanza ni Dahabo, analia na kucheka, anauliza kama amevaa ile dera na kama imemkaa. Halafu Yasin, ambaye alitaka kujua kama Japani kuna pilau au Idi anakula samaki mbichi. Nyuma yao nyumba ilikuwa imejaa. Walikuwa wametoka uwanjani muda si mrefu, na vikombe vilikuwa vinagongana. Kisha akapewa Abdirizak.

"Idd Mubarak, aabo."

"Idd Mubarak, Aabo."

"Umeswali na watu?"

Alikuwa amejiandaa kusema ndiyo, watu wengi. Alikuwa hata amefikiria jina la imamu. Lakini baba yake aliuliza polepole, kama anayeuliza kama amekula, na uongo ule haukutoka.

"Wao waliswali jana, Aabo. Mimi nimeenda leo. Hakukuwa na mtu."

Hodan alisikia makelele yakipungua, mlango ukifungwa, halafu kuku wa jirani na pikipiki mbali. Baba yake alikuwa ametoka nje.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Ulijua ni jana?"

"Walinialika."

Abdirizak alikuwa mtu ambaye alifungia dirisha harufu ya pilau, aliyebishana na mashemeji na masheikh, na hakuwahi kurudi nyuma hata hatua moja.

"Mtu akiwa ugenini, mwezi wake ni wa wale alio nao," alisema mwishowe. "Hiyo naijua tangu nikiwa mtoto. Hakuna sheikh anakataa. Mimi nilitaka tu siku yetu iwe moja." Akakohoa. "Idi ya kuchinja ikija, uende na hao wenzako. Siku yao. Usiningoje."

Hodan alishika ukingo wa meza. Miezi yote hiyo alikuwa amesubiri mtu amwondolee upweke, na sasa baba yake alikuwa anamwondolea kwa njia pekee aliyoijua, na kamba ile ya kiunoni ilikuwa inalegea. Ukumbini alikuwa peke yake, lakini alikuwa wa Eldoret. Alitaka kusema atangoja. Alijua akisema hivyo atamwumiza.

"Sawa, Aabo."

"Unalia?"

"Hapana. Aabo, rudi ndani na simu. Uiweke tu mezani. Usiikate."

"Uongee na nani?"

"Hakuna mtu. Nataka kuskia."

Abdirizak hakuuliza zaidi. Mlango ulifunguka, makelele yakamwagika. Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu, karibu na vikombe. Hodan aliiweka yake katikati ya meza ya Okasan, akachukua sambusa ya pembe tatu, iliyopoa, akaanza kula. Dahabo alikuwa anamgombeza mtu kwamba sinia ile ni ya wazee. Mtoto mdogo alikuwa analilia soda. Yasin alidai hajala ini, na sauti tatu zikamwambia amekula mara mbili. Mjomba mmoja alianza kisa cha ng'ombe aliyepotea Cheptiret, kisa ambacho kila Idi huanza na hakimaliziki. Hodan alicheka mahali pale pale ambapo kila mwaka hucheka, akaongeza sambusa nyingine. Kwa muda kidogo watu walisahau kwamba simu iko pale, na hilo ndilo alilolitaka: kuwa mle ndani kama mtu ambaye hakuna haja ya kumwangalia.

Halafu shangazi mmoja, anayekusanya vikombe, sauti yake ikasikika karibu sana.

"Hii simu ni ya nani inawaka hivi? Si itamaliza bando ya watu."

Ikakatika.

Hodan alingoja kama itapigwa tena. Juu ya paa theluji iliteleza, ikaanguka uani kwa kishindo kizito. Alifunika chombo cha chakula, akaosha sahani yake mwenyewe, akaipangusa na kuirudisha mahali pake kabla Okasan hajafika kumnyang'anya. Kisha akaichukua simu, akamwandikia Yuliani, kwa maneno machache aliyokuwa nayo, akimwuliza Idi ya kuchinja wataswalia wapi.